Barua ya Mdhamini: Historia ya Ufadhili wa Utafiti Baada ya Uzamivu

Ufadhili wa utafiti baada ya uzamivu ni fedha anazopewa mtu aliyekwisha kutunukiwa shahada ya uzamivu, yaani shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu ambayo hupatikana kwa kuandika tasnifu na kuitetea mbele ya jopo la watahini, ili kwa mwaka mmoja, miwili au mitatu aendeleze utafiti wake bila kubebeshwa mzigo wa kufundisha, na kwa kawaida katika chuo tofauti na kile alichosomea. Katika fani za sayansi nafasi hizo zimekuwa hatua ambayo karibu kila anayetaka uprofesa katika vyuo vikuu vikubwa vya Marekani hulazimika kuipitia, na katika fani za historia, lugha na falsafa zimekuwa kimbilio la wahitimu wanaosubiri ajira ambazo ni chache kuliko wao. Historia yake huandikwa zaidi kama historia ya fedha: nani alitoa, kiasi gani na mwaka gani. Hata hivyo, anayefuatilia jinsi watu walivyozipata nafasi hizo tangu karne ya 19 ataona kwamba fedha hazikuwa sehemu ngumu kuliko zote. Sehemu ngumu ilikuwa kumpata mtu mwenye jina ambaye angekubali kuandika barua na kusema kwamba fulani anafaa, na kila utaratibu mpya uliobuniwa ili kuwapa wengi nafasi ulimwacha mdhamini huyo na uwezo wake uleule.

Mizizi ya mbali ya desturi hii iko Uingereza, katika vyuo vya Oxford na Cambridge, ambako tangu Zama za Kati kila chuo kilikuwa na jumuiya ya wanazuoni waliolishwa, waliolazwa na waliolipwa posho kutokana na mapato ya ardhi ya chuo. Chuo cha All Souls cha Oxford, kilichoanzishwa mwaka 1438, ndicho mfano uliobaki karibu na asili, kwa kuwa hata sasa ni jumuiya ya wanazuoni isiyodahili wanafunzi wa shahada ya kwanza. Nafasi hizo hazikuwa za utafiti kwa maana ya leo, kwani aliyezipata hakulazimika kuchapisha chochote, na wengi walizitumia kusubiri upadri katika parokia iliyokuwa mikononi mwa chuo. Masharti yake ndiyo yanayoeleza mengi: kwa vizazi vingi mwanazuoni alitakiwa asioe, na ilimpasa awe muumini wa Kanisa la Anglikana. James Joseph Sylvester, Myahudi wa London, alishika nafasi ya pili katika mtihani wa mwisho wa hisabati wa Cambridge mwaka 1837, lakini kwa kuwa dini yake haikumruhusu kutia saini Vifungu 39 vya imani ya kanisa hilo hakupewa hata shahada, sembuse posho ya uanazuoni, na sheria iliyofuta sharti hilo ilipopitishwa mwaka 1871 alikuwa anakaribia umri wa miaka 60. Jina lake litarejea upande wa pili wa bahari ya Atlantiki.

Ujerumani ilifuata njia nyingine. Chuo Kikuu cha Berlin, kilichofunguliwa mwaka 1810, na vyuo vilivyokiiga viliufanya utafiti kuwa kazi ya kila profesa, lakini havikumwekea kijana aliyemaliza uzamivu fungu lolote la uhakika. Aliyetaka kubaki chuoni aliandika tasnifu ya pili, akapewa kibali cha kufundisha, kisha akaishi kwa ada ndogo walizolipa wanafunzi waliokuja kumsikiliza, kwa hiyo mtoto wa familia yenye uwezo ndiye aliyeweza kusubiri miaka kumi hadi kiti cha uprofesa kiwe wazi. Kwa asiye na mali ilibaki kazi ya usaidizi katika maabara au ofisi ya profesa, ambayo haikutangazwa popote bali ilitolewa na profesa mwenyewe kwa amtakaye. Albert Einstein, aliyekuwa amemaliza masomo ya ualimu wa hisabati na fizikia Zürich lakini hajapata uzamivu, aliandika barua za kuomba kazi ya namna hiyo kwa maprofesa wengi. Mnamo Machi 1901 alimwandikia mkemia Wilhelm Ostwald wa Leipzig, akaandika tena mwanzoni mwa Aprili, na zote mbili hazikujibiwa. Tarehe 13 Aprili baba yake, Hermann, mfanyabiashara ambaye mambo yalikuwa yamemwendea kombo, alimwandikia Ostwald bila mwanawe kujua, akamweleza kwamba kijana amekata tamaa na kumwomba walau ampelekee maneno machache ya kumtia moyo. Einstein hakupata usaidizi wowote chuoni na akaishia katika ofisi ya hataza ya Bern. Ostwald naye, miaka tisa baadaye, alikuwa mtu wa kwanza kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel, jambo linaloonyesha kwamba tatizo halikuwa uwezo wake wa kutambua kipaji bali utaratibu uliomfanya kijana asiyejulikana asionekane kabisa.

Mabadiliko makubwa yalianzia Baltimore, Marekani. Johns Hopkins, mfanyabiashara wa madhehebu ya Kikweka aliyetajirika kwa biashara ya jumla na hisa za reli, alifariki mwaka 1873 akiwa ameusia dola milioni 7 za kujengea chuo kikuu na hospitali, fedha ambazo kwa wakati ule hazikuwa na mfano katika elimu ya nchi hiyo. Rais wa kwanza wa chuo hicho, Daniel Coit Gilman, aliona kwamba vijana wa Kimarekani waliotaka elimu ya juu kuliko shahada ya kwanza walikuwa wakipanda meli kwenda Leipzig, Göttingen na Heidelberg, na akaamua kuwavuta kwa fedha taslimu: chuo kilipofunguliwa mwaka 1876 kilitangaza nafasi 20 za ufadhili, kila moja ya dola 500 kwa mwaka, kwa watu waliothibitisha uwezo wa kufanya utafiti. Wengi walikuwa bado wanaandaa tasnifu, lakini miongoni mwao walikuwamo waliokwisha kupata uzamivu, kama vile mwanahistoria Herbert Baxter Adams aliyehitimu Heidelberg mwaka huohuo, na kwa sababu hiyo wanahistoria wa elimu huihesabu Baltimore kuwa mahali ambapo wazo la kumlipa mhitimu wa uzamivu ili atafiti tu lilipata sura ya kitaasisi. Jambo jipya halikuwa posho, kwa kuwa posho zilikuwapo Uingereza kwa karne nyingi, bali ni kwamba nafasi zilitangazwa na mtu wa jimbo lolote, asiyejulikana na yeyote Baltimore, aliweza kuandika na kuomba.

Uwazi huo ulijaribiwa mapema, na kisa chake kinastahili kusimuliwa kwa kirefu kwa sababu kinaonyesha utaratibu wote ukifanya kazi mara moja. Mwaka 1878 chuo kilipokea ombi la ufadhili katika hisabati lililotiwa saini ya C. Ladd. Profesa wa hisabati hapo hakuwa mwingine ila Sylvester, yule aliyenyimwa shahada Cambridge, na alilitambua jina hilo mara moja kwa sababu alikuwa amesoma michango ya mwandishi huyo katika jarida moja la Uingereza lililochapisha maswali na majibu ya hisabati. Akasema mwombaji apokewe. Ndipo ilipofahamika kwamba herufi C ilisimama badala ya Christine, na kwamba Christine Ladd, mhitimu wa chuo cha wanawake cha Vassar, alikuwa anaomba nafasi katika chuo ambacho hakikuwadahili wanawake. Wadhamini wa chuo, yaani bodi iliyoshika mali ya wakfu, walitaka kubatilisha, Sylvester akashikilia msimamo wake, na suluhisho likapatikana kwa namna ambayo taasisi nyingi zingeitambua: bibi huyo aliruhusiwa kuhudhuria mihadhara ya Sylvester, kisha ya maprofesa wengine, na kuanzia 1879 alilipwa posho ileile ya wafadhiliwa kwa miaka mitatu, ila jina lake halikuchapishwa pamoja na ya wenzake katika taarifa za chuo, isije ikaonekana kwamba mlango umefunguliwa kwa wengine wa jinsia yake. Alimaliza tasnifu yake ya mantiki mwaka 1882. Shahada yenyewe alipewa mwaka 1926, chuo kilipoadhimisha miaka 50, naye akiwa na umri wa miaka 78.

Kisa hicho kina mambo mawili ambayo historia za sherehe huyaunganisha na kuwa moja. La kwanza ni kwamba tangazo la wazi ndilo lililomwezesha Ladd kuomba. La pili ni kwamba tangazo peke yake lisingemfikisha popote kama profesa mmoja mwenye heshima asingekuwa tayari kulifahamu jina lake na kulipigania. Mtu mwenye kipaji kilekile ambaye Sylvester hakuwahi kumsoma angekataliwa kimyakimya na kumbukumbu zisingemtaja. Ladd mwenyewe, ambaye baada ya kuolewa alijulikana kama Ladd-Franklin, hakusahau somo hilo, na alitumia sehemu ya maisha yake kutafuta fedha za kuwasaidia wanawake waliokuwa na uzamivu lakini hawakuajiriwa na vyuo vikuu. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne ya 20 Emile Berliner, mvumbuzi wa gramafoni, alitoa fedha za ufadhili uliopewa jina la mama yake, Sarah Berliner, uliotengwa kwa wanawake waliohitimu uzamivu na kuonyesha uwezo wa kutafiti. Ni mojawapo ya fedha za kwanza kabisa zilizotolewa kwa watu waliomaliza uzamivu na si wengine, na inashangaza kwamba vitabu vingi huanza hesabu mwaka 1919, miaka kumi baadaye, kwa kuwa fedha za 1919 zilikuwa nyingi zaidi na waliozipata walikuwa karibu wote wanaume.

Mwaka huo wa 1919 una umuhimu wake hata hivyo, kwa sababu ndipo ulipofanyika uamuzi ambao ungeweza kwenda upande mwingine. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imewaonyesha Wamarekani kwamba walitegemea mno kemia ya Ujerumani, na katika Wakfu wa Rockefeller, taasisi ya hisani iliyoanzishwa kwa mali ya mafuta, lilizuka wazo la kujenga taasisi kuu moja ya fizikia na kemia iliyojitenga na vyuo, kwa mfano wa Taasisi ya Rockefeller ya Utafiti wa Tiba iliyokuwako New York tangu 1901. Mwanafizikia Robert Millikan na wenzake katika Baraza la Taifa la Utafiti, chombo kilichoundwa mwaka 1916 ili kuunganisha sayansi na mahitaji ya vita, walipinga. Hoja yao ilikuwa kwamba taasisi moja ingewachukua watafiti wazuri na kuwaacha wanafunzi bila walimu, ilhali fedha zilezile zikigawiwa kwa vijana wenye uzamivu na kila mmoja akachagua maabara ya kwenda, vyuo vingi vingelazimika kushindana kuwavutia na hivyo kujiimarisha vyenyewe. Wakfu ulikubali, ukatoa dola 500,000 kwa miaka mitano, na katika muongo uliofuata mpango ukapanuliwa kufikia tiba, biolojia na hisabati. Hoja ya Millikan ilikuwa ya busara, lakini matokeo yake hayakuandikwa katika mkataba wowote: uzamivu, ambao hadi hapo ulikuwa mwisho wa kujifunza, ukageuka kuwa katikati ya safari.

Waliopata ufadhili huo wanajulikana. Arthur Compton, mmoja wa wa kwanza, alikwenda Cambridge mwaka 1919 kufanya kazi katika maabara ya Ernest Rutherford, naye mwaka 1927 akatunukiwa Nobel. Robert Oppenheimer aliutumia Harvard na California. Linus Pauling alipewa mwaka 1925 ili aende Berkeley kwa mkemia Gilbert Lewis, lakini bosi wake katika chuo cha Pasadena alikohitimu, Arthur Noyes, ambaye alihofia kwamba Lewis angemchukua moja kwa moja, alimshawishi abaki kwanza akamilishe makala zake, kisha akamhimiza aombe ufadhili mwingine mpya, wa Guggenheim, na akamtafutia fedha za safari ili aondoke mapema kwenda Ulaya, ikawa Pauling hakufika Berkeley kama mfadhiliwa. Kwa nje Pauling alikuwa ameshinda mashindano ya kitaifa yaliyosimamiwa na bodi huru. Kwa ndani, wazee wawili walikuwa wanavutana juu yake, na mmoja wao alifahamiana vizuri na wajumbe wa bodi kwa kuwa alikuwa miongoni mwa walioibuni.

Barua za mapendekezo za zama hizo, ambazo baadhi yake zimehifadhiwa na kuchapishwa na wanahistoria, zinaonyesha mwandishi alidhani mlengwa anataka kujua nini. Mwaka 1925, Percy Bridgman wa Harvard alipomwandikia Rutherford kuhusu Oppenheimer, aliyekuwa bado hajaanza uzamivu, alisifu uwezo wake wa hisabati, akaonya kwamba mikono yake haikuzoea kazi za maabara, kisha akaona ni lazima aeleze kwamba kijana huyo ni Myahudi na kwamba hana tabia zilizodhaniwa kuwa za kabila lake. Bridgman aliamini anamsaidia. Rutherford hakumchukua, ingawa J. J. Thomson wa maabara hiyohiyo alimpokea. Kwa kuwa barua kama hiyo ilikuwa siri kati ya watu wawili, mhusika hakuwa na namna ya kujua ilisema nini wala kuikanusha.

Kwa Weusi wa Marekani mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Ernest Everett Just, mwanabiolojia aliyepata uzamivu Chicago mwaka 1916 na aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Howard, alifadhiliwa kuanzia 1920 kwa fedha za mfanyabiashara Julius Rosenwald zilizopitishwa katika Baraza la Taifa la Utafiti, lakini ufadhili huo haukumfikisha pale ulipowafikisha wenzake, kwa sababu hakuna chuo kikuu cha Wazungu kilichokuwa tayari kumwajiri baada yake, naye kuanzia 1929 alitafuta maabara Naples, Berlin na Paris. David Blackwell, mwanahisabati aliyehitimu uzamivu Illinois mwaka 1941 akiwa na umri wa miaka 22, alipata ufadhili wa Rosenwald kwa mwaka mmoja katika Taasisi ya Taaluma za Juu iliyoko Princeton. Ilikuwa desturi kwamba kila mgeni wa taasisi hiyo hupewa pia hadhi ya mgeni wa heshima katika Chuo Kikuu cha Princeton, na rais wa chuo hicho aliandika kulalamika kwamba taasisi inatumia vibaya ukarimu wake kwa kumleta mtu mweusi. Taasisi haikurudi nyuma, na Blackwell mwenyewe hakuyajua hayo hadi miaka mingi baadaye. Mwaka wa ufadhili ulipokwisha alipeleka maombi katika vyuo zaidi ya 100, vyote vya Weusi, kwa kuwa hakuona sababu ya kupoteza wino kwa vingine. Mwaka 1965 alikuwa Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyo.

Mfano uliokwenda kinyume kabisa na Baltimore ni ule wa Harvard. Abbott Lawrence Lowell, aliyekuwa rais wa chuo hicho, aliudharau uzamivu kwa kuuona kama mashine ya kuzalisha watu wa wastani, na mwaka 1933, kwa fedha zake mwenyewe alizozitoa bila kutaja jina, alianzisha jumuiya ya wanazuoni vijana waliopewa miaka mitatu ya kufanya watakalo, bila kufundisha, bila mtihani na bila kusomea shahada yoyote, huku sharti pekee la kudumu likiwa kula chakula cha jioni pamoja na wazee wa jumuiya kila Jumatatu. Miongoni mwa wa kwanza walikuwamo mwanafalsafa Willard Quine na mwanasaikolojia B. F. Skinner, ambao kwa kejeli ya historia wote wawili walikuwa tayari na uzamivu. Lowell aliiga tuzo za uanazuoni za Trinity, Cambridge, na taasisi ya Thiers ya Paris, akaongeza sharti la kuingia lililokuwa na uzito kuliko mengine yote: mtu hawezi kujiombea. Ni lazima apendekezwe na mwalimu wake, kisha aitwe kuhojiwa. Ni vigumu kukataa kwamba jumuiya hiyo ilichagua watu wenye akili isiyo ya kawaida. Ni vigumu pia kukataa kwamba kwa karibu miaka 40 walimu wa Marekani walioombwa kumtaja kijana mwenye kipaji kuliko wote hawakumtaja mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa, mpaka mwaka 1972.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali iliingia kwa kishindo. Wakfu wa Taifa wa Sayansi uliundwa mwaka 1950 na kuanza kutoa ufadhili mwaka 1952, taasisi za afya za serikali zikaongeza wa kwao, na baada ya Warusi kurusha chombo cha Sputnik mwaka 1957 mafungu yaliongezeka mwaka hata mwaka. Lakini sehemu kubwa ya fedha mpya haikupita katika njia ya 1919. Ilitolewa kama ruzuku, yaani fedha za mradi anazopewa profesa ili azitumie kwa vifaa na mishahara, na profesa huyo ndiye aliyemwajiri mhitimu wa uzamivu amfanyie kazi za mradi. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, kwa sababu mfadhiliwa wa bodi akigombana na mwenyeji wake alihama na fedha zake, ilhali aliyelipwa kwa ruzuku alikuwa chini ya mtu mmoja aliyekuwa mwajiri, mwalimu, mwandishi mwenza na, zaidi ya yote, mdhamini ambaye barua yake ndiyo itakayoamua kama atapata kazi nyingine. Kwa mgeni kutoka nje ya nchi, na wageni sasa ni zaidi ya nusu ya watafiti hao katika sayansi na uhandisi, mtu huyohuyo akawa pia sababu ya viza yake kuendelea.

Hadhi yao iliwatatiza hata wahasibu, kwani hawakuwa wanafunzi wala walimu wala wafanyakazi wa kudumu, na ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti ya mwaka 1969 iliuita mkusanyiko wao chuo kikuu kisichoonekana. Marekebisho yalitoka chini. Mwaka 1992 watafiti wa shule ya tiba ya Johns Hopkins waliunda chama chao, miongoni mwa vya kwanza nchini. Mwaka 2003 kikaanzishwa chama cha kitaifa. Na mwaka 2010 maelfu yao katika Chuo Kikuu cha California walipata mkataba wao wa kwanza wa pamoja kupitia chama cha wafanyakazi, wenye viwango vya mishahara na utaratibu wa kuwasilisha malalamiko. Mabadiliko haya yalirekebisha malipo na likizo kuliko yalivyorekebisha namna ya kuingia.

Afrika Mashariki ilikutana na desturi hii kwa njia ya kikoloni. Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Makerere mwaka 1950 chini ya mwanaanthropolojia Audrey Richards kwa fedha za serikali ya Uingereza za maendeleo ya makoloni, iliajiri watafiti kwa mikataba, wakakaa vijijini Buganda, Busoga na kwingineko, kisha wakakutana Kampala kusomeana na kukosoana. Wengi wa watafiti hao walitoka Ulaya na Marekani, na walipatikana kwa mtandao wa semina za London, Oxford na Chicago, mahali ambapo kijana wa Kampala au Tabora hakuwa na mtu wa kumtaja, ingawa miongoni mwa machapisho ya mwanzo ya taasisi hiyo kulikuwa na utafiti wa Mganda, A. B. Mukwaya, kuhusu umilikaji wa ardhi Buganda, uliochapishwa mwaka 1953.

Baada ya uhuru, vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vilichagua njia iliyogeuza mpangilio wa Marekani juu chini. Huko mtu hupata uzamivu kwanza na kutafuta ajira baadaye. Huku aliyefaulu vizuri shahada ya kwanza aliajiriwa kama mkufunzi msaidizi, akapelekwa masomoni nje kwa sharti la kurudi, na akapandishwa cheo alipohitimu. Katika taasisi za utafiti, kama ile ya Kiswahili iliyojiunga na chuo cha Dar es Salaam mwaka 1964, mtafiti na mtafiti mwandamizi vilikuwa vyeo vya kudumu sambamba na vya wahadhiri. Kwa hiyo nafasi ya muda baada ya uzamivu haikuhitajika, na uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa nchi zilizokuwa na wahitimu wa kuhesabika. Udhaifu wake ulijitokeza pale madarasa yalipofurika: mhadhiri aliyerudi na uzamivu wake alikabidhiwa mamia ya wanafunzi siku hiyohiyo, na tasnifu ambayo ingekuwa kitabu ikabaki rafuni. Mpango wa Taaluma za Binadamu wa Afrika, ulioanzishwa mwaka 2008 na baraza la jumuiya za wasomi wa Marekani kwa fedha za Shirika la Carnegie, ulilenga pengo hilo hasa, kwa kuwapa wasomi wa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda mwaka mmoja bila kufundisha ili wakamilishe tasnifu au waandike vitabu wakiwa bado waajiriwa wa vyuo vyao. Wengine huelekea Afrika Kusini, ambako serikali huvilipa vyuo vikuu kwa makala zinazochapishwa, na ambako mtafiti wa baada ya uzamivu kwa muda mrefu amehesabiwa kuwa mpokeaji wa posho isiyotozwa kodi na si mfanyakazi, mpango ulio nafuu zaidi kwa chuo kuliko kwake.

Anayetafuta nafasi hizo sasa hakosi matangazo. Mhitimu wa Dodoma au Eldoret huweza kusoma masharti ya Harvard, Cape Town na Berlin kwa siku moja. Anachokosa ni mwenyeji. Fadhili nyingi humtaka mwombaji aambatishe barua ya profesa wa chuo anakotaka kwenda akikiri kwamba yuko tayari kumpokea, na profesa huyo humjibu kwa urahisi zaidi mtu aliyemsikia kwenye kongamano, au aliyetajwa na mwenzake, kuliko jina geni. Vyuo vya Afrika Mashariki vinavyotaka wahitimu wao wafike huko vingefanya jambo la maana kwa kugharimia safari za makongamano kabla tasnifu haijakamilika, si baada yake, na maprofesa wao wangeziandika barua za mapendekezo kwa mkono wao wenyewe badala ya kumwachia mwombaji aandike nao watie saini tu, kwa kuwa wajumbe wa kamati husoma mamia ya barua hizo kila mwaka na wanaijua vizuri barua iliyoandikwa na mwombaji mwenyewe.